Jinsi ya kuotesha mgogwe kwa mbegu na kuutunza bustanini hadi uzae

Mgogwe una haraka juu ya ardhi na unyonge chini yake. Mche uliotoka kwenye mbegu unaweza kupita kimo cha mtu kabla haujatimiza miaka miwili, ukiwa na majani mapana yenye umbo la moyo na vishada vya maua ya waridi hafifu yanayonukia vizuri. Mizizi yake, hata hivyo, hubaki karibu na uso wa udongo. Haishiki ardhi sana, haistahimili ukame, na maji yakituama kwa siku mbili tatu huanza kuoza. Wengi wanaopoteza mti huu hulaumu mbegu, wadudu au jua, kumbe tatizo lilianzia miguuni pa mti. Ndiyo sababu katika maelezo haya nimekazania shimo, matandazo na maji kuliko mbolea na dawa.

Tunda lenyewe wengine hulijua kwa majina ya tunda damu, nyanya mti au tamarilo. Lina umbo la yai, ngozi nyororo nyekundu, ya zambarau, ya chungwa au ya njano, na ndani mna nyama yenye uchachu mtamu na mbegu tele. Jina la kisayansi la mti ni Solanum betaceum. Vitabu vya zamani huuita Cyphomandra betacea. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na ni ndugu wa nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Undugu huo tutauona tena tukifika kwenye magonjwa.

Kwanza, angalia hali ya hewa

Kwa kuwa ni mti wa milimani, mgogwe hupenda siku za vuguvugu na usiku wenye ubaridi. Katika tropiki hustawi zaidi nyanda za juu, takriban kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Sehemu za chini zenye joto kali mti huota na kujaa majani, lakini maua hupukutika bila kushika matunda, hasa pale usiku nao unapokuwa wa joto. Aliye katika joto la namna hiyo simshauri atumie nafasi ya bustani yake kwa mti huu. Utampa kivuli kidogo na masikitiko mengi.

Upande wa pili kuna baridi. Joto likishuka hadi nyuzi -2 za Selsiasi, vitawi na majani huungua kwa baridi, na mche mchanga unaweza kufa wote. Mti mkubwa mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye shina. Mahali ambapo baridi hiyo huja kila mwaka, panda kwenye chombo kikubwa cha lita 40 au zaidi, kisha ukiingize ndani au ukisogeze kwenye ukuta unaopata jua majira ya baridi yanapoanza.

Kwa nini mbegu?

Mgogwe huota pia kwa vipandikizi vya matawi. Kipandikizi huzaa mapema kidogo, lakini hutoa mti mfupi wenye matawi yanayoanzia chini kabisa, na huja na virusi vyovyote vilivyokuwa kwenye mti mama. Mche wa mbegu hupanda juu kwa shina moja lililonyooka hadi kama mita moja na nusu ndipo utoe matawi. Zaidi ya hayo, mara nyingi huanza maisha ukiwa safi. Kwa bustani ya nyumbani, ambako huna njia ya kupima virusi vya mti wa jirani aliyekupa tawi, mimi naona mbegu ndiyo njia salama. Gharama yake ni subira: miezi 18 hadi 24 tangu kusia hadi tunda la kwanza.

Kumbuka tu kwamba miche ya mbegu haifanani yote kama pacha. Mmoja utazaa matunda makubwa zaidi, mwingine utakuwa mchachu zaidi. Basi otesha mingi kuliko unayohitaji, upate nafasi ya kuchagua.

Kuchagua tunda la kutoa mbegu

Tafuta tunda lililoivia mtini, si lile lililochumwa likiwa na ubichi na kubadilika rangi dukani. Likibonyezwa liwe limelegea kidogo, rangi imekolea hadi kwenye kikonyo, ngozi haina mabaka wala michirizi ya rangi mbili. Mabaka ya namna hiyo mara nyingi ni dalili ya virusi kwenye mti uliolizaa.

Ukilikata, angalia ndani. Kwa aina nyekundu, chagua lile ambalo ute unaozunguka mbegu ni mweusi-mwekundu uliokolea. Kwa aina ya njano, chagua lenye ute wa njano safi. Lionje pia. Matunda mekundu kwa kawaida ni makubwa na yana uchachu mwingi. Ya njano ni matamu zaidi na hayana ukali. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: tafuna polepole uone kama kuna vipande vidogo vigumu kama changarawe kwenye nyama. Baadhi ya matunda huwa navyo, na ni kero mdomoni. Tunda lenye changarawe ulile tu, mbegu zake usizisie.

Kuosha na kukausha mbegu

Kamua mbegu kwenye chujio, uzisugue kwa vidole chini ya maji yanayotiririka hadi utelezi wote utoke. Ute ule huchelewesha kuota na hukaribisha ukungu. Mbegu safi ni nyembamba, bapa, za mviringo, kubwa kidogo kuliko za nyanya na ngumu zaidi. Zitandaze kwenye karatasi kivulini, mahali penye hewa, ukizigeuza mara kwa mara zisigandane. Siku tatu hadi tano zinatosha. Usianike juani.

Zikishakauka vizuri, zifunge kwenye karatasi na uziweke kwenye friza kwa saa 24 kabla ya kusia. Ubaridi huo huharakisha kuota na kufanya miche itokeze kwa pamoja badala ya kuchungulia mmoja mmoja kwa wiki nyingi. Zingatia kwamba ni mbegu kavu tu zinazoingia frizani. Yenye unyevu itapasuka ndani na kufa. Asiye na friza asihangaike, mbegu zitaota, ila atasubiri zaidi.

Kusia

Tumia trei au chombo chochote kifupi chenye matundu chini. Changanya mboji iliyoiva vizuri na iliyochekechwa kwa kiasi sawa na mchanga mnene. Usichukue udongo ulioota nyanya, viazi, pilipili au biringanya miaka ya karibuni. Kama huna hakika na historia ya udongo wako, mwagia maji yanayochemka, uache upoe na kuchuja maji, ndipo utumie.

Sawazisha uso, lowanisha, kisha tandaza mbegu zikiwa zimeachana kama sentimita 2. Zifunike kwa tabaka jembamba la mchanganyiko uleule, lisizidi sentimita 1, ulishindilie kidogo kwa kiganja. Nyunyizia maji kwa matone madogo ili mbegu zisihame. Weka trei mahali penye mwanga lakini si jua kali, joto likiwa nyuzi 20 hadi 25. Unaweza kufunika kwa nailoni angavu kuzuia kukauka. Hakikisha unaifungua kila siku kwa muda ili hewa ibadilike, na uiondoe kabisa mara tu unapoona vichwa vya kwanza.

Nyingi huanza kutokeza katika wiki ya pili au ya tatu. Nyingine huchukua hadi wiki sita, kwa hiyo usiitupe trei mapema.

Adui wa kipindi hiki ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata miche shingoni, pale shina linapogusa udongo. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala. Ikishaanguka haiponi. Kinga yake ni kusia kwa nafasi, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuacha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Ukiona umeanza kona moja, ondoa miche ya kona hiyo pamoja na udongo wake, na upunguze maji.

Kuhamishia kwenye viriba

Mche ukifikia sentimita 5 hadi 7 na kuwa na majani halisi mawili hadi manne, mbali na yale mawili ya mwanzo, uhamishe. Tumia kiriba au kopo la lita 1 hadi 2 lenye matundu. Ingiza kijiti chini ya mizizi, uinue mche kwa kushika jani, kamwe si shina. Jani likikatika litaota jingine; shina likibonyea mche umekwisha.

Hapa ndipo pa kuchagua. Chukua yenye shina nene, majani ya kijani sawasawa na pingili fupi. Ile mirefu myembamba imekosa mwanga, na yenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka iteketeze. Weka viriba kwenye kivuli hafifu kwa wiki moja, kisha vizoeshe jua kidogokidogo: saa chache za asubuhi kwanza, baadaye nusu siku, hadi vikae juani mchana kutwa. Mche ulioruka hatua hii huungua majani siku ya kwanza tu bustanini.

Katika kiriba mche hukaa miezi miwili hadi mitatu hivi, mpaka ufike sentimita 30 au 40. Usiuache uzidi sana hapo. Mizizi ikianza kuzunguka ndani ya kiriba huzoea kuzunguka, na ukishapandwa bustanini haitaenea inavyotakiwa.

Mahali na shimo

Sehemu hii ndiyo inayoamua umri wa mti wako, kwa hiyo usiifanye jioni moja kwa haraka.

Anza na maji. Chimba shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 40, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Maji ya pili yakiondoka ndani ya saa chache, mahali panafaa. Ukiyakuta bado yapo kesho yake, hapo mgogwe utakufa mvua kubwa ya kwanza, hata ukiweka mbolea ya namna gani. Huhitaji kuhama bustani, inua udongo. Tengeneza tuta pana la urefu wa sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi na upande juu yake. Udongo mzito wa mfinyanzi daima hustahili tuta, hata kama jaribio la maji halikutoka vibaya sana.

Kisha angalia upepo. Matawi ya mgogwe ni mepesi kuvunjika, na mti mzima wenye majani mapana hushika upepo huku mizizi mifupi ikishindwa kuung'ang'ania udongo. Upande wa ukuta, wa ua wa miti au wa nyumba unaokinga upepo mkali ni bora, ilimradi jua lifike sehemu kubwa ya siku. Mahali penye joto kali la mchana, kivuli cha alasiri kinausaidia.

Tatu, uangalie majirani zake. Usiupande kando ya tuta la nyanya au viazi, wala pale vilipovunwa hivi karibuni. Wadudu na virusi vingi vya mimea hiyo hushambulia mgogwe pia.

Shimo lenyewe liwe pana kuliko kina. Upana wa sentimita 60 hadi 80 na kina cha sentimita 40 hadi 45 unatosha, kwa sababu mizizi itatambaa kwenda pembeni, haitashuka sana. Tenganisha udongo wa juu na wa chini. Changanya ule wa juu na ndoo moja au mbili za mboji au samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na harufu wala joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukipanda zaidi ya mti mmoja, acha mita 2 hadi 3 kati ya mti na mti.

Kupanda

Panda mwanzoni mwa msimu wa mvua, au mara baridi kali inapokwisha kwa wale wenye majira ya baridi. Jioni ni bora kuliko mchana.

Kabla ya kuweka mche, chomeka nguzo mbili imara pande mbili za shimo. Watu huchomeka nguzo baada ya kupanda, na hapo hutoboa mizizi ileile wanayotaka kuilinda. Mwagilia kiriba, kikate pembeni, toa mche na donge lake lote la udongo, uuweke usawa uleule uliokuwa nao. Si kama nyanya za kawaida ambazo huzikwa shina. Shina la mgogwe likifukiwa kwenye unyevunyevu huoza kwa urahisi. Jaza udongo, bana kwa mikono bila kukanyaga, mwagilia lita 10 taratibu. Funga mche kwenye nguzo kwa kitambaa laini kilicholegea, ili uweze kuyumba kidogo bila kung'oka.

Sasa matandazo. Tandaza nyasi kavu, majani makavu au maganda ya mazao, unene wa sentimita 8 hadi 10, kwa duara linaloenea hadi zaidi ya ncha za majani. Acha pengo la sentimita 10 au 15 kuzunguka shina pabaki wazi. Matandazo huufanya udongo wa juu, mahali hasa mizizi ilipo, ubaki na unyevu na ubaridi. Pia huondoa haja ya kulima chini ya mti, na hilo ni faida kubwa kuliko zote. Jembe likipita chini ya mgogwe hukata mizizi ya kulisha mti. Magugu ya hapo yang'olewe kwa mkono, siku zote.

Maji na chakula

Majani mapana hutoa maji mengi hewani. Mti mchanga utahitaji maji kila baada ya siku mbili au tatu usipopata mvua. Uliokomaa, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wingi, ili yalowe eneo lote la matandazo. Ratiba ya kalenda isikutawale. Ingiza kidole chini ya matandazo hadi pingili ya pili: ukihisi ukavu, mwagilia, ukihisi ubichi, ngoja.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi. Majani ya mgogwe yakilegea adhuhuri na kusimama tena jioni, ni joto tu. Yakilegea asubuhi na udongo ni mkavu, mti una kiu. Lakini yakilegea asubuhi na udongo umelowa, mizizi inaoza, na kila ndoo unayoongeza inaharakisha kifo. Hapo ondoa matandazo, chimba mfereji mdogo wa kuchepusha maji umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye shina, acha udongo upumue, na upunguze matawi machache ili mizizi iliyobaki isielemewe. Mti uliowahiwa mapema unaweza kupona.

Ukame nao huadhibu kwa namna yake: maua hudondoka, matunda madogo husinyaa au hubaki madogo. Kipindi cha maua hadi matunda kunenepa usiruhusu udongo ukauke kabisa.

Kwa chakula, mboji au samadi iliyooza, ndoo moja mara mbili kwa mwaka kwa mti mchanga na ndoo mbili kwa mkubwa, itandazwe juu ya udongo, chini ya matandazo, isichimbiwe. Majivu ya kuni, viganja viwili vitatu, huongeza potasiamu wakati wa maua. Anayetumia mbolea ya dukani achague yenye uwiano mzuri wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na aitoe kidogo kidogo. Naitrojeni ikizidi utapata mti mrefu wa majani laini, unaopendwa na vidukari na kuvunjwa na upepo wa kwanza.

Kukata kilele na kupogoa

Huu ndio ujasiri ambao mti wa mbegu unaudai kwa mwenyewe. Ukifika mita 1 hadi 1.2, kata kilele kwa kisu kikali. Inauma kuukata mti ulioulea tangu mbegu, lakini usipofanya hivyo utapanda hadi kama mita moja na nusu bila tawi, matunda yatakuwa juu usikofika, na uzito wote utakuwa mahali upepo unapouma zaidi. Wiki chache baada ya kukata, machipukizi yatatoka chini ya jeraha. Acha matatu au manne yanayoelekea pande tofauti, toa mengine.

Baada ya hapo pogoa kila mwaka, mavuno makubwa yakishapita. Mgogwe huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo tawi lililokwisha kuzaa lifupishe ili litoe jipya karibu na shina. Ondoa yaliyokauka, yanayosuguana na yanayogusa ardhi. Usipopogoa, matunda husogea mbali mwishoni mwa matawi marefu, nayo huvunjika kwa uzito. Chagua siku kavu, na ufute kisu kwa spiriti kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine.

Maua

Maua ya mgogwe hujichavusha yenyewe, hivyo mti mmoja unatosha kuzaa. Ila chavua hutoka kupitia vitundu vidogo kwenye ncha za vifuko vyake, na inahitaji mtikisiko ili imwagike. Upepo mwepesi hufanya kazi hiyo, na nyuki wakubwa wenye mvumo mzito huifanya vizuri zaidi. Mti ulio ndani ya nyumba au kwenye kona isiyo na hewa, utikise wewe: gonga vishada kwa kidole kila asubuhi wakati wa maua. Ua lisilochavushwa hudondoka. Na wakati huo usipulize dawa ya wadudu yoyote mchana nyuki wakiwa kazini.

Wadudu na magonjwa

Vidukari ndio wa kuwaangalia kila wiki. Hukaa chini ya majani machanga, hunyonya utomvu, na kibaya zaidi hubeba virusi. Jani lililoshambuliwa na virusi huwa na mabaka ya kijani kibichi na njano, hukunjamana, na matunda hutoka na michirizi. Virusi havina dawa. Mti mchanga wenye dalili hizo ung'oe. Mkubwa unaweza kuendelea kuzaa kwa muda, lakini usichukue mbegu wala kipandikizi kwake. Vidukari wenyewe waondoe kwa maji ya nguvu, au kwa maji yenye sabuni kidogo yaliyochanganywa na mafuta ya mwarobaini, yakipulizwa jioni chini ya majani. Inzi weupe hutibiwa vivyo hivyo.

Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe, huanzia majani ya chini wakati wa ukavu na ubaridi wa usiku. Chuma majani hayo, fungua mti upate hewa, na ikizidi tumia dawa yenye salfa kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Minyoofundo, minyoo midogo sana ya udongoni, haionekani kwa macho. Mti hudumaa, hunyauka upesi, na ukifukua kidogo unaona mizizi yenye nundu. Huwezi kuiondoa kwenye udongo kirahisi. Mboji nyingi huupa mti nguvu ya kuvumilia. Wakulima wengine hubebesha mgogwe juu ya shina la mti pori wa ukoo wake, Solanum mauritianum, ambao mizizi yake ni imara zaidi. Ni njia nzuri kwa udongo wenye minyoo, ila mti pori huo ni gugu vamizi katika nchi nyingi, kwa hiyo usiupande wala kuusambaza bila kujua sheria za kwenu.

Kuvuna

Tangu ua lifunguke hadi tunda kuiva hupita kama miezi mitano hadi sita. Matunda hayaivi kwa pamoja, utayachuma kwa awamu wiki baada ya wiki. Subiri kijani kiishe chote na rangi ikolee. Tunda lililowahiwa huwa na uchachu mchungu ambao kukaa ndani hakuuondoi wote. Likate kwa mkasi na kikonyo chake. Likichomoka bila kikonyo, ulile kwanza, kwa sababu litaoza pale lilipochubuka.

Ndani ya nyumba hukaa wiki moja na zaidi kidogo. Kwenye jokofu lenye nyuzi 3 hadi 4 huweza kudumu hadi wiki 10. Chini ya nyuzi 3 ngozi hupata madoa. Ngozi ni chungu, haliwi nayo. Kata tunda katikati uchote kwa kijiko, au litumbukize dakika moja kwenye maji yanayochemka na ngozi itavuliwa kwa vidole. Juisi ya aina nyekundu haitoki kwenye nguo wala kwenye ubao wa kukatia, basi tumia sahani.

Mti uliotunzwa vizuri huweza kutoa zaidi ya kilo 20 kwa mwaka. Mavuno hupanda hadi mwaka wa nne hivi, na mti wenyewe huishi kama miaka 8 hadi 12. Kwa hiyo sia mbegu nyingine mti wako ukiwa na miaka mitano, kutoka kwenye mti uliouona kwa macho yako kuwa na matunda bora na majani safi, na mche huo mpya uuchimbie shimo mahali pengine, si pale wa zamani uliposimama.